Mtoto wa mdogo wangu alisoma mwenyewe, wa kwetu tunawakalisha tu

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi salamu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua ni ndefu lakini naomba msiikate sana manake nimeiandika siku tatu, usiku, baada ya kazi za nyumbani kuisha.

Kuna mzee mmoja wa kanisa, simtaji yeye wala usharika wake, alisimama kwenye jumuiya akasema kuna familia hapa Machame imeenda Arusha kuabudu na watu waliomkataa Yesu, tena imempeleka mpaka bibi kizee. Familia hiyo ni yetu. Na bibi kizee ni mama yangu mzazi, ana miaka 84, amebatizwa na kufundwa kipaimara kwenye hilohilo kanisa kabla huyo mzee hajazaliwa. Sikujibu siku ile kwa sababu kulikuwa na wageni. Sasa najibu, lakini sijibu kwa hasira, nataka tu watu wajue tulichokiona, halafu nina la kwangu kuhusu kipaimara cha watoto wetu ambalo limenikaa rohoni tangu siku ile.

Mdogo wangu wa kiume alienda Marekani kusoma, akabaki huko kikazi, akaoa huko. Wifi yangu ni Myahudi. Sasa kwa Wayahudi, hasa wanaofuata utaratibu wa zamani, mtoto anahesabiwa Myahudi kwa mama yake, na sisi Wachagga kama mnavyojua mtoto ni wa baba, ukoo wa baba, kihamba (shamba la ukoo) cha baba. Kwa hiyo hawa watoto wana kwao kuwili na hakuna upande uliowapoteza, ndivyo ninavyoona mimi shangazi yao. Kijana wa kwanza ametimiza miaka 13. Kwao mvulana akifika 13 anakuwa bar mitzva, yaani mwana wa amri, kuanzia hapo amri za Mungu zinamhusu yeye mwenyewe, akikosea ni lake, akifunga siku ya toba anafunga kama mtu mzima, na anahesabiwa kwenye wale watu kumi ambao bila wao kuna sala haziwezi kusaliwa. Wasichana wengi wanafikia hapo wakiwa na miaka 12. Zamani wasichana hawakuwa na sherehe ya kusoma mbele za watu, wa kwanza anayejulikana sana kule Marekani ni Judith Kaplan, New York mwaka 1922, na wifi yangu naye alisoma alipokuwa na umri huo, ndio maana alijua vizuri kabisa mwanawe anapita kwenye nini.

Sherehe ingefanyika kwao huko Marekani. Lakini mama hawezi kupanda ndege, magoti yamechoka na presha inapanda. Mdogo wangu akamwambia mkewe mama yangu atamwonaje mjukuu wake. Na wifi, Mungu ambariki, akasema basi tuipeleke kwake. Wakachagua Desemba kwa sababu Desemba hakuna Mchagga asiyerudi nyumbani, ikaangukia Jumamosi ya tarehe 27, siku mbili baada ya Krismasi. Wakakodi nyumba yenye bustani kubwa Arusha upande wa Usa River, manake wageni wao kumi na kitu walikuwa wanahitaji pa kulala, na pale tukaungana na Wayahudi wachache wanaoishi hapahapa Arusha. Sisi tulishuka na Coaster mbili kutoka Machame saa kumi na moja alfajiri, mama amekaa mbele na dereva.

Kile kitabu chao, Torati, kilikuja na ndege mpaka KIA kimekumbatiwa na babu wa upande wa mama kama mtu aliyebeba kichanga, hakukiweka kwenye mizigo hata dakika moja. Sio kitabu cha kufungua kurasa, ni gombo, ngozi ya mnyama imeshonwa vipande vipande ikavingirishwa kwenye miti miwili, na kila herufi imeandikwa kwa mkono na wino. Herufi 304,805. Babu yule aliniambia ikikosekana moja tu, au ikifutika, gombo halisomwi mpaka mwandishi alirekebishe. Na likianguka chini waliopo wanafunga. Nilipoambiwa hivyo nikasogea nyuma kidogo.

Sasa maandalizi. Kwetu sherehe ni kamati, grupu la WhatsApp, michango, MC, mziki, mtu wa video na ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma. Kaka zangu walishaanza yote hayo kabla ya kuuliza. Wifi akatupigia simu, akaongea kwa upole sana, kwamba Sabato inaanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi nyota zikitoka, na katika muda huo hakuna picha, hakuna simu, hakuna kushika hela, hakuna mziki wa spika. Kwa hiyo MC na mtu wa video waje usiku. Na ndafu haiwezekani, kwa sababu mnyama lazima achinjwe na Myahudi aliyesomea kazi hiyo na hapakuwa naye. Kaka mkubwa alinuna siku mbili nzima. Sherehe ya Mchagga bila ndafu mezani aliona ni aibu kwa ukoo. Lakini mama ndiye aliyemaliza hayo maneno, akasema mgeni akija kwako humlishi anachokataa, na leo wageni ni sisi, tutakula tutakachopewa.

Tukapika basi. Sufuria mpya zote, tulinunua Arusha mjini, kwa sababu zetu zimepikia nyama za kila aina. Kiburu (ndizi na maharage), ndizi za nazi, mtori usio na nyama (haukuwa mbaya, nauandika kwa dhati), mboga, na samaki. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, kwa hiyo sato anafaa na kambale hafai, nilisimama mwenyewe na muuza samaki pale Kilombero nikikagua magamba ya sato mmoja mmoja. Mkate wao wa kusuka uliokwa na mama yake wifi kwenye oveni ya gesi, usiku wa Alhamisi, umeme ulikatika mara mbili lakini mkate ukatoka mzuri unang'aa juu.

Asubuhi ile mlangoni kulikuwa na kikapu cha vikofia vidogo vya kitenge, wifi alimpa fundi wa mjini kitambaa akashona 60. Kila mwanaume alivaa, mpaka dereva wa Coaster. Lile shuka jeupe lenye matamvua kwenye kona nne, lile wanalotaja kwenye Hesabu 15, hilo ni la kwao tu, sisi hatukuvaa. Tuliambiwa wakisimama tusimame, wakikaa tukae, hatulazimiki kusema maneno tusiyoyaamini. Ndio huko "kuabudu" kwetu, Mhariri. Tulikaa kimya kwa heshima tukamsikiliza mtoto wetu.

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Kijana aliitwa kwa jina lake la Kiebrania akapanda pale mbele. Amevaa lile shuka la matamvua kwa mara ya kwanza mbele ya watu, linamteleza begani kila saa. Gombo likafunguliwa mezani. Ndani ya gombo hakuna irabu, hakuna nukta, hakuna alama ya wimbo, ni konsonanti tupu na msomaji anatakiwa ajue mwenyewe sauti zake na namna ya kuziimba, na hagusi ngozi kwa kidole, anafuata kwa kijiti cha fedha ambacho mwisho wake kimechongwa kama mkono mdogo wenye kidole kimoja kimenyooka. Nilikaa karibu. Nilikiona kile kidole cha fedha kinatetemeka juu ya wino. Alikuwa amejifunza karibu mwaka mzima, mdogo wangu alikuwa akituambia kwenye simu kwamba mtoto anaimba mpaka bafuni. Pembeni amesimama mtu mzima anafuatilia kwenye kitabu, msomaji akikosea herufi anasahihishwa palepale kwa sauti watu wote wakisikia, na anarudia. Alisahihishwa mara mbili. Masikio yakawa mekundu, akarudia, akaendelea. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemwonea huruma pia.

Fungu la Jumamosi ile ni Mwanzo kuanzia 44:18, Yuda anamkaribia Yusufu kumwombea Benyamini. Sasa mkifika sura ya 45 Yusufu anashindwa kujizuia anawaambia nduguze mimi ni Yusufu, kisha anauliza kama baba yake angali hai. Kwa Kiebrania neno hai ni hai. Ni lilelile! Mama yangu hajui Kiebrania hata neno, lakini aliposikia mjukuu wake ameimba "hai" akashtuka akanibana mkono, akaninong'oneza, amesema Hai? Sisi ni watu wa Wilaya ya Hai, mama alidhani mtoto anaitaja nyumbani. Nikamwelezea kwa sauti ya chini maana yake, kwamba mtoto aliyepotelea nchi ya mbali anauliza kama mzee wake bado yuko hai. Mama hakusema kitu. Alivua miwani akaiweka mapajani, na hakuivaa tena mpaka kijana alipomaliza.

Baada ya kusoma Torati akasoma na fungu la Manabii, Ezekieli 37, pale Mungu anamwambia nabii atwae vijiti viwili aviunganishe viwe kimoja mkononi mwake. Halafu akahutubia. Mtoto wa miaka 13, Mhariri, akasimama dakika kumi na kitu akifafanua alichosoma, akiuliza maswali na kujibu mengine na mengine kuyaacha. Aliongea Kiingereza, baba yake akawa anatafsiri. Alisema Yuda huyuhuyu ndiye aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, na sasa huyuhuyu anajitoa awe mtumwa badala ya mdogo wake, kwa hiyo mtu anaweza kukua. Akasema fungu lile linaitwa Vayigash, maana yake akakaribia, na akasema kwa lugha ya baba yangu mgeni akifika mlangoni mnamwambia karibu, yaani sogea, na mimi leo nimekuja kusogea. Hilo la mwisho akalisema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, "bibi, nimekaribia." Hapo wanaume wazima kwenye ukoo wetu walitafuta leso.

Kisha zikarushwa pipi. Ni desturi yao, mtoto akimaliza anarushiwa pipi laini ili maisha yake yawe matamu, na watoto wetu waliokuwa wamekaa kimya saa mbili na nusu wakazivamia zile pipi nyasi zikang'oka.

Sitaki kuficha kwamba kuna kitu kiliniuma. Kwenye kuitwa kubariki Torati, aliyeitwa ni wifi na baba yake. Mdogo wangu bado ni Mlutheri, kwa hiyo alisimama ubavuni mwa mkewe bila kutamka ile baraka. Mama akaniuliza mbona mwanangu hasemi. Nilijisikia vibaya, nikasema moyoni huyu ndiye baba mtoto. Lakini nikajiuliza, kwetu mtu asiyebatizwa tunampa meza ya Bwana? Hatumpi, na hatumchukii. Kila nyumba ina vitu vya wenye nyumba. Na usiku nafasi ya mdogo wangu ilikuja.

Jioni tukasubiri nyota tatu. Wajomba wa upande wa mama wamesimama na kaka zangu bustanini wote wanaangalia juu, saa moja na kitu zikaonekana. Wakawasha mshumaa wa kusukwa wenye tambi nyingi, wakapitisha manukato ya kunusa ili harufu nzuri ya Sabato ibaki na mtu, na manukato yenyewe yalikuwa karafuu na iliki za kwetu nilizonunua pamoja na wale sato. Mshumaa ukazimwa kwenye divai, tss, ndio Sabato imeisha. Hapo MC akachukua maiki na mambo yakawa ya Kimoshi! Bahasha zikatoka. Wifi alishatuambia kwao zawadi ya hela mara nyingi inatolewa kwa kumi na nane, kwa sababu herufi mbili za neno hai, moja ni nane na nyingine ni kumi, jumla 18. Watu walifurahi hao, huyu 18,000, huyu 36,000, kaka mkubwa aliyenuna ndiye aliyetoa 180,000, anasema mtu wa Hai anatoa hai. Babu wa upande wa mama akauliza mbege imewekwa nini, akaambiwa ndizi, ulezi na msesewe, akapewa kata akanywa. Mdogo wangu akambariki mwanawe kwa Kiswahili na Kimachame, mkono juu ya kichwa. Na mama akainuka kwenye kiti, akamkabidhi mjukuu jani la sale. Wasiojua, sale kwetu ndiyo amani, ndiyo msamaha, huwezi kumkatalia mtu aliyekuletea sale. Kijana alilipokea kwa mikono miwili, na nasikia liko mpaka leo ndani ya kitabu chake cha sala.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Binti yangu alipata kipaimara miaka mitatu iliyopita. Alisoma mafundisho miaka miwili, Jumamosi kwa Jumamosi, Katekisimu Ndogo ya Luther ameimeza yote. Siku yenyewe wakasimama kwenye mstari na gauni jeupe, wakajibu kwa pamoja, wakawekewa mikono, tukatoka. Nje kuna tarumbeta. Ukumbini amekalishwa juu kwenye kiti cha mapambo kama bibi harusi, na msimamizi wake, keki mbele yake. Watu wakala, wakacheza, wakapita na zawadi, MC akachekesha. Ilipofika zamu ya mtoto kusema akapewa maiki akasema nawashukuru wazazi wangu na wote mliofika, basi, sekunde ishirini. Miaka miwili ya kusoma na hakuna hata mmoja kati yetu aliyemuuliza umeelewa nini mwanangu! Hata mimi mama yake sikumuuliza. Nilikuwa nahangaika na idadi ya sahani.

Nimezunguka kwenye kipaimara na komunyo za kutosha Moshi na Arusha, Walutheri na Wakatoliki, na karibu zote ziko hivyo. Mtoto ndiye mwenye shughuli na ndiye peke yake hana la kufanya. Watu wanakopa vikoba kwa ajili ya hema na vyakula. Kule nilikoona, vyakula vilikuwa sato na kiburu, na mpaka leo ukoo mzima unaongea habari za Yuda na Benyamini, wajomba wanabishana kabisa kama Yuda alibadilika au aliogopa. Lini mara ya mwisho umesikia watu wanabishana kilichosemwa na mtoto wa kipaimara?

Na kwa mzee wetu wa kanisa, kwa heshima zote. Yesu alitahiriwa siku ya nane, Luka 2:21. Akiwa na miaka 12 alikutwa hekaluni amekaa katikati ya waalimu akiwasikiliza na kuwauliza maswali, mstari wa 46. Na Luka 4, Nazareti, aliingia sinagogi siku ya sabato, akasimama ili asome, akapewa chuo cha nabii Isaya, akakifungua. Sisemi alifanyiwa sherehe hii, sherehe yenyewe kwa sura ya sasa imekuja karne nyingi baadaye. Ila mstari huo wa kusimama na kupewa gombo nimeusoma tangu utoto bila kuona picha yoyote kichwani, na sasa naiona. Naona na kile kidole cha fedha.

Ninachoomba kwa waalimu wa kipaimara, wachungaji na mapadre wetu, na zaidi kwa sisi wazazi, ni kitu kidogo. Kila mtoto apewe fungu lake. Alisome mwenyewe mbele ya watu, kanisani kama nafasi ipo, na kama watoto ni mia basi hata ukumbini kabla chakula hakijafunuliwa, halafu atuambie ameelewa nini. Hata kwa dakika tano. Akikosea asahihishwe, arudie. Shangazi na wajomba wakae kimya wamsikilize.

Mwanangu wa mwisho anapata kipaimara mwaka huu. Nimeshaongea na mwalimu wake, amesema atalifikisha kwa mchungaji, na mimi nimemwambia wakikubali wasikubali nyumbani kwangu atasoma. Amechagua Isaya 61. Jioni anakaa na bibi yake jikoni anamsomea kwa sauti, na bibi, ambaye macho hayaoni tena herufi ndogo lakini mistari hiyo anaijua kwa kichwa, anamsimamisha akiruka neno.

Ni mimi shangazi yake yule kijana,
Machame, Hai